Keya katika Bonde la Kabaw: kazi ya askari wa miguu kule Bama, 1944

Katika koo nyingi za Afrika Mashariki yupo babu aliyekwenda Bama (Burma, Myanmar ya leo) kupigana na Wajapani upande wa Mwingereza katika Vita vya Pili vya Dunia. Yanayosimuliwa kumhusu hayatofautiani sana: Mjapani aliyejificha juu ya mti, singe, nyoka, na mvua isiyokatika. Hayo yote yalikuwepo. Lakini mtu anayefuatilia historia ya Keya (KAR, King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la askari wa Afrika Mashariki) kwa karibu ataona kwamba kilichowafikisha wale askari hadi mto Chindwin kilikuwa ufundi. Walikuwa na taratibu za doria, za usiku, za kunywa dawa, za kujaza risasi, na kila utaratibu ulikuwa na sababu yake. Ufundi huo hausimuliwi, na mimi naona kuuacha usahaulike ni kuwapunja wazee wetu. Ndio nitakaoueleza hapa.

Kwanza tujue ni nani waliokwenda. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliundwa mwanzoni mwa 1943, kisha ikapelekwa Ceylon, Sri Lanka ya leo, kujifunza vita vya msituni. Alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru, yule mnyama. Ilikuwa na brigedi tatu, ya 21, ya 25 na ya 26, kila moja na batalioni tatu za askari wa miguu. Karibu zote za Keya, na moja ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Namba ya batalioni inakupa fununu ya mahali mtu alipoandikishwa. Batalioni ya 22 ilikuwa ya Nyasaland, Malawi ya leo, ya 26 na ya 36 za Tanganyika, ya 34 na ya 44 za Uganda, na ya 11 ya Kenya. Usiifanye kuwa sheria, maana watu walichanganywa: Waruhiu Itote wa Nyeri, ambaye baadaye alijulikana kama Jenerali China wa Mau Mau, alitumikia batalioni ya 36 na akapigana upande wa Kalewa, kando ya Chindwin.

Wengine kati yao walikuwa wameshapigana na Mwitaliano huko Somalia na Ethiopia mwaka 1941. Vita vile vilikuwa vya nchi kame na ya wazi, adui anaonekana kwa mbali, malori yanakwenda. Bama ilidai mambo mengine kabisa, na hata njia ya kufika ilikuwa ya hatari. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini kwenda Colombo, ilipigwa torpido na nyambizi ya Kijapani I-27 karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama kwa dakika chache tu. Walikufa watu 1,297, wakiwemo wapiga mizinga wengi wa Rejimenti ya 301 ya Afrika Mashariki.

Bonde la Kabaw linashuka kusini kutoka Tamu, mpakani mwa India, hadi Kalemyo. Kutoka hapo mto Myittha unapasua milima kuelekea mashariki na kumwaga maji yake kwenye Chindwin pale Kalewa. Tamu hadi Kalewa ni kama kilomita 160. Tamu ilishikwa mapema Agosti 1944 na Kalewa tarehe 2 Desemba, yaani wastani wa kilomita moja na kidogo kwa siku. Anayeshangaa kwa nini polepole hivyo azingatie kalenda. Wajapani walikuwa wameshindwa Imphal na Kohima, ndani ya India, na Jenerali Slim wa Jeshi la 14 la Waingereza aliamua kuwafukuza katikati ya mvua za msimu, wakati ambao kila jeshi hupumzika, ili wasipate nafasi ya kujipanga upya. Jenerali Fowkes na divisheni yake, hiyo ya 11, ndio waliopewa bonde, na bonde lile lilikuwa tope tupu. Lori halikupita bila barabara ya magogo: mitaro inachimbwa pande zote mbili, magogo yanalazwa kukingama na njia, yanabanwa pembeni yasiteleze. Bila mitaro, mvua ya usiku mmoja huyaelesha magogo na kazi inaanza upya. Askari wa miguu alikuwa pia kibarua wa barabara, na siku nyingi alishika sululu kwa saa nyingi kuliko alivyoshika bunduki.

Doria

Msituni huoni zaidi ya hatua kumi au ishirini, kwa hiyo jeshi zima huwa kipofu bila doria. Zilikuwa za aina mbili kuu. Doria ya upelelezi ilikuwa ya watu watatu au wanne, na kazi yake ilikuwa kuona na kurudi. Ikilazimika kupiga risasi, basi imeshashindwa kazi yake. Doria ya mapigano ilikuwa seksheni moja (kundi la watu kumi hivi) au zaidi, nayo ilikwenda kutega, kuteka mtu au kukata njia.

Kabla ya kutoka, kila mtu alikaguliwa. Barua, picha na chochote chenye namba ya kikosi viliachwa. Vitu vya bati vilifungwa kitambaa visigongane. Chupa ya maji ilijazwa hadi shingoni, kwa sababu maji yakiwa nusu hucheza na kusikika. Aliyekuwa na kikohozi aliachwa kambini bila kuonewa haya. Njiani, mtu wa mbele alibadilishwa mara kwa mara, kwani macho yanayotafuta kitu kidogo katika majani huchoka haraka kuliko miguu, na jicho lililochoka huona majani tu. Mawasiliano yalikuwa kwa mikono. Kila mara palipangwa mahali pa kukutania iwapo kundi litatawanyika. Na sheria iliyookoa wengi ilikuwa hii: usirudi kwa njia uliyoendea. Mjapani aliyeona nyayo zako asubuhi hakuhitaji kukufuata. Alikaa tu pale pale akusubiri jioni.

Hali ya msitu ilibadilika na majira. Wakati wa mvua kelele ya maji ilificha hatua za pande zote mbili, nyayo zilifutika, na doria mbili ziliweza kugongana ana kwa ana. Kufikia Novemba mvua zilikuwa zimekwisha na mitiki ilianza kudondosha majani yake makubwa. Yakikauka, hatua moja juu yake husikika mbali. Ufundi wa Agosti haukufaa tena Novemba, na askari aliyeshindwa kubadilika alijulikana alipo kabla hajaona kitu.

Usiku

Kama ningeambiwa nichague somo moja tu la kueleza, ningechagua usiku, kwa sababu ndipo Mjapani alipopata ushindi wake wa mwanzo dhidi ya majeshi ya Waingereza, na ndipo mbinu zake zilipokuja kuzimwa.

Kombania, yaani kikosi chenye seksheni kadhaa, ilipofika mahali pa kulala ilijipanga duara, silaha zote zikitazama nje. Kila watu wawili walichimba handaki lao, refu kiasi cha mtu kujilaza, jembamba, lenye kina cha kufika kifuani ukisimama. Jembamba kwa makusudi: kila sentimita ya upana ni nafasi ya bomu kuingia. Upande mmoja wa sakafu palichimbwa shimo dogo zaidi la kukusanyia maji, maana bila hilo ifikapo saa sita za usiku umesimama ndani ya maji hadi magotini. Mmoja alilala, mwenzake alilinda. Kamba nyembamba iliunganisha handaki na handaki, ukivuta mara moja mwenzako anajua. Mbele, kwenye umbali ambao bomu la mkono linafika, walinyoosha waya wenye makopo matupu yenye vijiwe, na mahali pengine vijiti vya mianzi vilivyochongwa ncha.

Nusu saa kabla ya giza kuingia na nusu saa kabla ya kupambazuka kila mtu alikuwa macho, silaha mkononi, kwa sababu nyakati hizo mbili ndizo adui alizopenda. Kati yake hakuna aliyetoka handakini kwa sababu yoyote. Haja ilifanywa ndani ya kopo. Chochote kilichotembea juu ya ardhi usiku kilihesabiwa kuwa adui, na aliyesahau sheria hiyo aliweza kuuawa na mwenzake.

Mjapani alituma watu wachache waje karibu na duara wapige kelele, warushe fataki, wagonge mianzi, hata waite kwa Kiingereza. Shabaha yao ilikuwa kukufanya upige risasi. Ukifyatua Bren, ile bunduki nyepesi ya rashasha, gizani, mwali wa mdomo wake unaonyesha ilipo, na Bren ndiyo nguzo ya seksheni nzima. Wakishajua zilipo zote, shambulio la kweli linapita katikati. Pia unamaliza risasi ambazo huenda ndege haitazileta kwa siku tatu. Kwa hiyo jibu sahihi lilikuwa kimya. Ikibidi, bomu la mkono, kwa kuwa halionyeshi lilikotoka. Akiingia handakini, singe au panga. Kukaa kimya huku mtu anakutukana hatua thelathini kutoka kwako, mvua inakunyea, hujui wako wangapi, ni kazi ngumu kuliko kushambulia. Naamini hapo ndipo mafunzo ya Ceylon yalipolipa kuliko mahali pengine popote.

Silaha na namna zilivyokwama

Seksheni ilikuwa na watu kumi hivi, na Bren moja yenye uzito wa kilo kumi. Magazini yake ina nafasi ya risasi 30, lakini wazoefu walijaza 28, kwani springi iliyobanwa hadi mwisho hulegea na kushindwa kusukuma. Kila mwenye bunduki alibeba magazini za Bren pamoja na risasi zake mwenyewe, kwa hiyo silaha hiyo ililishwa na seksheni nzima. Ukipiga kwa kasi, baada ya magazini kumi hivi unabadilisha mtutu, na msaidizi hufanya hivyo kwa sekunde chache tu kama mtutu wa akiba uko mahali pake.

Tatizo kubwa lilikuwa kwenye risasi yenyewe. Risasi ya .303 ina ukingo kwenye kitako. Ukiijaza magazini vibaya, ukingo wa risasi ya juu ukakaa nyuma ya ukingo wa ile ya chini, zinashikana na silaha inakwama, iwe Bren au Lee-Enfield, bunduki ya kawaida ya askari. Kila ukingo unatakiwa ukae mbele ya ule wa chini yake. Kujaza magazini gizani kwa vidole vilivyonyauka kwa maji ndiko kulikoleta kosa hilo, na ndiyo maana zilijazwa mchana na kukaguliwa. Bren ikikwama, hatua zilikuwa hizi: vuta kishikio nyuma, toa magazini, weka nyingine, piga. Ikikataa tena, masizi yamejaa. Unageuza kidhibiti cha gesi kwenye tundu kubwa zaidi na kuendelea hadi upate muda wa kusafisha.

Bomu la mkono aina ya 36 lilikuwa na sekunde nne tangu kuachia kishikio. Nne ni nyingi uwanjani na chache mianzini. Kwenye mianzi na matawi bomu hugonga na kurudi, kwa hiyo lilirushwa chini chini au kuviringishwa, na tu pale ulipoona upenyo. Mota ya inchi 3, mzinga mfupi unaorusha makombora juu, ilikuwa na adui wawili. Wa kwanza ni matawi ya juu, kwani kombora likigusa tawi linalipuka juu ya vichwa vya wapigaji. Lazima uwazi wa mbingu ukatwe kwanza. Wa pili ni tope, kwa sababu sahani ya chini huzama kila kombora linapotoka na shabaha inahama.

Upande wa pili, bunduki ya Kijapani ya milimita 6.5 ilitoa moshi na mwali mdogo sana, ndiyo maana mdunguaji alikuwa mgumu kumpata, akiwa mtini au chini. Bombom yao nzito (bunduki ya rashasha) aina ya 92 ilipiga polepole, ko-ko-ko, na Waingereza waliiita kigogota. Ukishaisikia mara moja huisahau. Halafu kuna kile kirusha-mabomu cha milimita 50. Kuna imani kwamba Mjapani alikipigia juu ya goti. Hapana. Kiliwekwa ardhini; aliyejaribu kukiweka pajani alivunjika mfupa.

Ngome za magogo

Wajapani walipobana njia, hasa kwenye korongo la Myittha, walijichimbia kwenye ngome za magogo zilizofunikwa udongo mzito na majani mabichi. Waliziweka mara nyingi kwenye mteremko wa nyuma ya kilima, ili mizinga isizifikie moja kwa moja, na kila ngome ililindwa na bombom ya jirani yake. Anayeshambulia moja bila kujua ilipo ya pili hupigwa ubavuni.

Kwa hiyo kazi ilianza na siku kadhaa za doria za kuhesabu matundu. Kisha mizinga na ndege za Hurricane zenye mabomu zilipiga, na faida kubwa ya mabomu hayo mara nyingi ilikuwa kuvua majani yaliyoficha ngome. Askari wa miguu walisogea wakati mabomu bado yanaanguka, karibu kadiri walivyothubutu. Hapo ndipo mashambulizi mengi yalipoharibika: mabomu yakinyamaza dakika mbili kabla hujafika, Mjapani ameshatoka shimoni na kurudi kwenye bombom yake. Dawa mojawapo ilikuwa ndege kupita tena bila kudondosha kitu, ili vichwa vyao vibaki chini huku askari wanapanda. Bren ilielekezwa kwenye tundu la ngome, na mtu mmoja alitambaa kutoka pembeni na bomu.

Njia bora zaidi ilikuwa kutoishambulia kabisa. Kombania ilizunguka msituni, ikatokea nyuma, ikachimba handaki kwenye njia ya chakula cha Wajapani na kungoja. Sasa wao ndio waliolazimika kuja, wewe ukiwa shimoni.

Maradhi

Mwaka 1943, kwa kila majeruhi mmoja wa vita, Jeshi la 14 lilisafirisha nyuma wagonjwa 120. Adui mkubwa wa askari alikuwa mbu. Kila mtu alimeza kidonge kimoja cha mepakrini kwa siku, kichungu, kinachogeuza ngozi kuwa ya manjano. Uvumi ulienea kwamba kinaua nguvu za kiume, na baadhi walikitema. Ndiyo maana dawa ilitolewa watu wakiwa kwenye mstari, kidonge kinawekwa mdomoni, maji, kisha mdomo unafunguliwa ukaguliwe. Slim alipima damu za vikosi kwa kushtukiza, na makamanda watatu ambao askari wao hawakuwa wakimeza aliwaondoa madarakani. Jua likielekea kuzama mikono ya shati ilishushwa na suruali ikafungwa vifundoni. Kaptura, vazi la Keya la miaka mingi, haikuwa na nafasi kule.

Homa ya vichaka (scrub typhus) ilitisha zaidi kwa sababu haikuwa na tiba. Inaletwa na utitiri mdogo wa kwenye nyasi. Siku kumi hivi baada ya kuumwa, homa kali inapanda, na mahali alipoumwa, mara nyingi kiunoni au kinenani, kuna kidonda kidogo chenye gaga jeusi. Kinga ilikuwa kufyeka na kuchoma nyasi za kambi kabla ya kulala, kutokaa chini ovyo, na kupaka mishono ya nguo dawa ya mafuta ambayo ilistahimili kufuliwa mara kadhaa.

Maji yalisafishwa kwa vidonge viwili, na mpangilio wake ulikuwa muhimu: kimoja cha kuua vijidudu, subiri nusu saa, ndipo kingine cha kuondoa ladha. Mwenye kiu aliyetia vyote pamoja aliiua dawa yenyewe na kunywa maji yale yale machafu. Miguu nayo, mingi ikiwa imezoea kutembea peku kabla ya jeshi, sasa ilikaa ndani ya buti zenye maji siku nzima. Ngozi huwa nyeupe, inavimba, inachubuka. Kuvua, kukausha na kubadilisha soksi kila usiku palipowezekana lilikuwa jambo la amri.

Chakula kutoka angani

Barabara ilipokatika, ndege za mizigo za Dakota ndizo zilizolisha divisheni, kila moja na tani mbili na nusu hivi. Nafaka ilidondoshwa bila mwavuli: gunia lisilojazwa hadi juu ndani ya gunia kubwa zaidi, ili la ndani likipasuka la nje lizuie. Risasi, dawa na mafuta vilihitaji miamvuli, na hariri ilipokosekana Slim aliagiza ishonwe ya juti huko Calcutta, kwa gharama ya pauni moja hivi badala ya zaidi ya ishirini. Mahali pa kudondoshea paliwekwa alama za vitambaa na moshi, na watu walizuiwa kuingia hadi ndege ya mwisho ipite. Gunia lisilo na mwavuli linaua, na liliua watu waliokimbilia chakula. Mawingu yakilala bondeni, hakuna ndege.

Katikati ya Novemba Kalemyo ilishikwa, na doria za Keya zikakutana na Divisheni ya 5 ya India iliyoteremka kwa njia ya Tiddim. Baada ya Kalewa, wahandisi walijenga daraja la Bailey, la vipande vya chuma vinavyounganishwa, juu ya Chindwin lenye urefu wa futi 1,154, refu kuliko yote ya aina yake duniani wakati huo, likafunguliwa tarehe 10 Desemba 1944. Majeshi yaliyokwenda kuchukua Mandalay yalipita juu yake. Divisheni ya 11 yenyewe ilirudishwa India kupumzika, lakini brigedi ya 28 ya Afrika Mashariki iliingia mapema 1945, ikatumika kumdanganya adui upande wa Seikpyu ili asione mahali pa kweli pa kuvukia mto Irrawaddy.

Kwa wanaotafuta habari za babu yao: angalia nishani kwanza. Nyota ya Bama ina utepe wa buluu iliyokoza, mstari mpana mwekundu katikati na miwili ya rangi ya chungwa. Aliyeishia Ceylon hakustahili kuipata, kwa hiyo ikiwepo, alivuka. Nishani za Waingereza za vita vile kwa kawaida hazikuchongwa jina, hivyo namba ya askari kwenye cheti cha kuachishwa ndiyo ya kushikilia. Kama hakurudi, tafuta kwenye orodha ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola. Makaburi ya Taukkyan, nje kidogo ya Yangon, yana zaidi ya 6,000, na kwenye nguzo za ukumbusho wa hapo hapo yamechongwa majina karibu 27,000 ya wasio na kaburi linalojulikana, Keya wakiwemo. Makarani waliandika majina kwa kusikia. Jaribu r badala ya l, ondoa irabu ya mwisho, tafuta kwa jina la baba peke yake, kisha linganisha batalioni na tarehe: kifo cha kati ya Agosti na Desemba 1944 katika 11, 22, 26, 34, 36 au 44 karibu kila mara ni cha bonde la Kabaw au Chindwin.